Muulize Dereva: Betri yangu imetoka shimo gani?

Toleo lililopita tuliandika kuhusu gharama ya kuchaji pikipiki na bajaji za umeme. Barua zilizokuja baada ya hapo karibu zote ziliacha habari ya bei zikauliza madini yanatoka wapi na nani anaumia. Nimechagua tano. Kwa msomaji mgeni: niliendesha semi kati ya Dar na Katanga, kusini mwa Congo, miaka mingi, mpaka mgongo ukagoma. Sasa nina karakana ya betri Buguruni.

*Shikamoo mzee. Mimi ni bodaboda, natumia pikipiki ya umeme, Mbagala kwenda Kariakoo. Mwanangu wa darasa la sita aliona picha kwenye simu ya shangazi yake, watoto wa Congo wamebeba viroba vya mawe, akaniuliza kama betri yangu ndiyo wanayoichimbia. Nilikosa jibu. Nimwambie nini?*
*Baba Zuwena, Mbagala Rangi Tatu*

Marahaba. Kabla hujamjibu mtoto, geuza betri usome kibandiko. Kikiandikwa LFP au LiFePO4, ndani kuna lithiamu, chuma na fosfeti. Kobalti hamna, nikeli hamna. Ukiona NMC au NCM, hapo kuna nikeli, manganizi na kobalti.

Tatizo, wengi wanaoleta betri hizi hawaweki herufi hizo. Basi tumia hesabu. Seli moja ya LFP ina volti 3.2, ya NMC ina 3.6 au 3.7, na seli hufungwa mfululizo, kwa hiyo volti ya betri nzima ni lazima igawanyike vizuri kwa namba mojawapo. Kibandiko kikisema 51.2, hizo ni seli 16 za LFP. Kikisema 76.8, ni seli 24 za LFP. Bango la dukani usiliamini, maana huko kila kitu ni "48", "60" au "72" kwa mazoea tu. Soma maandishi madogo kwenye kasha lenyewe. Na kama unabadilishana betri kituoni, betri si yako, ni ya kampuni. Muulize wakala. Asipojua, mwambie aulize ofisini kwao, ni haki yako kujua unachokalia.

LFP ni nzito kidogo kwa umeme uleule, lakini inavumilia joto, inachajiwa mara nyingi zaidi kabla haijachoka, na bei yake ni nafuu. Ndiyo maana imeenea hivi. Kama yako ni hiyo, mwambie Zuwena kwamba kobalti haimo ndani ya pikipiki ya baba. Ila mwambie pia kwamba ile simu ya shangazi aliyoonea picha karibu kwa hakika inayo. Betri za simu zimejengwa juu ya kobalti tangu zamani. Ni gramu chache kwa simu moja, lakini hesabu simu za nyumbani kwenu tu.

Na asidhani LFP imeshuka kutoka mbinguni. Ina shaba, na ina kinywe (grafiti), na hivyo navyo vinachimbwa kwenye ardhi za watu. Endelea kusoma chini.

*Jambo baba. Miye niko mama wa batoto ine, hapa Kolwezi. Bwana yangu anachimbaka, na miye nilikuwa nasafisha mawe ku mto. Kila siku minasikia ku radio bantu banasema basipokee tena kobalti ya bachimbaji badogo, sababu ya batoto. Sasa tutakula nini? Tena minapenda kujua, ile mashine ya ku depo inasema kweli? Na bei ilianguka sababu gani?*
*Mama wa Kolwezi*

Mama, salamu zako zimefika. Nimeiacha barua yako katika Kiswahili cha kwenu, nami nilikula ugali wa huko na kukizoea.

Naanza na mashine, maana hapo ndipo ninapoona wizi wenyewe. Nilikuwa nikisubiri kupakia, naenda Musompo kutembea. Wasomaji ambao hawajafika: ni soko la mawe nje ya Kolwezi, vibanda vya turubai vya wanunuzi, ndizo depo, vimepangana, kila kimoja na ubao wa bei uliochorwa kwa mkono. Kushoto asilimia ya kobalti kwenye jiwe, kulia pesa. Asilimia moja bei hii, mbili bei hii, tatu bei hii. Mchimbaji anatua kiroba kutoka kwenye baiskeli au pikipiki, mnunuzi anakifungua, anachukua kile kifaa wanachokiita Metorex, umbo kama kikaushia nywele, anakigusisha kwenye jiwe, anasubiri kidogo, anasoma namba. Mwenye mzigo haoneshwi kioo. Nilimwona kijana mmoja akiomba jiwe la pili lipimwe, lile la chini ya kiroba. Mnunuzi akafunga kiroba akamwambia apeleke kwingine. Kijana akakifungua tena mwenyewe, akapokea alichopewa.

Sasa jibu. Mashine yenyewe si ya uongo. Inarusha miale kama eksirei na kusoma metali iliyo kwenye uso wa jiwe, ngozi tu, haizami ndani. Jiwe likiwa na maji namba inashuka. Likigusishwa penye rangi nyeusi iliyokolea namba inapanda, likigusishwa penye udongo inashuka. Kwa hiyo anayechagua pa kugusisha ndiye anayepanga bei. Bwana yako na wenzake wakiweza, wakaushe mawe, wachukue kidogo kidogo kutoka juu, katikati na chini ya kiroba, wasage, wachanganye, ndipo unga huo upimwe, na upimwe depo mbili. Peke yake hataweza, atafukuzwa kama yule kijana. Koperative, yaani ushirika wa wachimbaji, ikiwa na mashine yake na mizani yake, mazungumzo yanabadilika. Mizani ni nusu ya habari hii.

Bei. Mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilikaribia dola 95,000. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeporomoka hadi chini ya robo ya hapo. Migodi mikubwa ya huko kwenu, hasa Tenke Fungurume na Kisanfu za kampuni ya CMOC ya China, iliongeza uzalishaji kwa kasi, na wakati huohuo watengenezaji wa magari wakahamia LFP. Ndiyo, ileile niliyomsifia Baba Zuwena hapo juu. Usafi wa pikipiki yake umo ndani ya anguko la bei yako, sikufichi.

Serikali yenu ilisimamisha kusafirisha kobalti nje tarehe 22 Februari 2025, ikaongeza muda mwezi Juni, kisha kuanzia 16 Oktoba ikaweka mgao: tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi hichohicho 2027. Congo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, kwa hiyo ikifunga bomba bei lazima isikie, na ilisikia. Lakini mgao wanapewa wenye makampuni. Mchimbaji mdogo njia yake rasmi ni EGC, shirika la serikali lililoundwa 2019 ili liwe mnunuzi pekee wa kobalti yenu. Mwenyekiti wa koperative aulizwe mkutanoni, mbele ya watu: tumeandikishwa EGC au hatujaandikishwa? Wananunua wapi, kwa mizani ya nani?

Kuhusu watoto sitapunguza makali. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria watoto wapatao 40,000 wako kwenye migodi ya kusini mwa Congo, wengi wao ya kobalti. Niliwaona kando ya maji wakiosha na kuchagua mawe, wadogo kiasi cha kubebwa mgongoni. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa Septemba 2019, lakini wewe unajua zaidi yangu kwamba sare, daftari na darasa lenye watoto mia haviondoki kwa tangazo. Mtoto yuko mtoni kwa sababu kile kiroba cha baba kilisomwa asilimia moja badala ya tatu. Hayo ni maoni yangu, wako wenye elimu watakaonipinga.

Ndiyo maana sikubaliani na kususia. Kampuni ikitangaza kwamba "haigusi" kobalti ya wachimbaji wadogo, mawe hayaachi kuchimbwa. Yanauzwa kwa bei ya chini zaidi, usiku, kwa mtu wa kati, yanamwagwa pamoja na mengine kiwandani, yanapigwa asidi, yanatoka yamekuwa unga. Unga huo nimeubeba. Yale magunia makubwa meupe ya zaidi ya tani, yenye unyevu, karatasi imeandikwa kobalti hidroksaidi. Hakuna mtu pale mpakani Kasumbalesa, wala Tunduma, wala bandarini, angeweza kuniambia kiganja kipi cha unga kimetoka shimo lipi. Familia za Congo zilizowashtaki Apple, Tesla, Microsoft, Dell na kampuni mama ya Google mjini Washington Desemba 2019 ziligonga ukuta huohuo. Kesi ilitupwa 2021, na Machi 2024 mahakama ya rufaa ikasema kununua kupitia mnyororo mrefu wa wauzaji si kushirikiana na anayewatumikisha watoto. Mnyororo ukiwa mrefu vya kutosha, kila mtu yumo na hakuna mwenye kosa.

La mwisho kwako, na hili ni la nyumbani. Watafiti walipima watu wa Kasulo, ule mtaa wa hapo Kolwezi ambao mwaka 2014 kobalti ilionekana uani kwa mtu na baadaye watu wakachimba hadi chini ya vyumba vyao vya kulala. Matokeo yalitoka 2018: kobalti ilikuwa nyingi kwenye mkojo wa wakazi, na ya watoto ilizidi ya watu wazima, kwa sababu ya vumbi la sakafuni na uani. Utafiti mwingine, wa Lubumbashi, 2020, ulionesha kwamba watoto waliozaliwa na kasoro walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na baba anayefanya kazi mgodini. Kwa hiyo bwana yako avue nguo za kazi nje, zifuliwe peke yake, na kiroba kisilale ndani. Mawe yasisagwe uani watoto wanapochezea. Na wewe, kama umeacha kuosha mawe mtoni, usirudi kama kuna namna yoyote.

*Habari za kazi kaka. Sisi tuko Ulanga, milima ya Mahenge. Wamekuja watu wa tathmini, wamepaka namba kwenye nyumba na kuhesabu migomba na miembe. Wanasema kinywe chetu kinahitajika kwenye magari ya umeme. Tumesikia habari za mgodi wa Zambia kumwaga asidi mtoni. Na sisi tutamwagiwa? Halafu hizo fomu tusaini?*
*Mkulima, Ulanga*

Dada, mlichosikia ni kweli. Tarehe 18 Februari 2025 bwawa la mabaki ya mgodi wa shaba karibu na Chambishi lilibomoka, maji ya asidi yakaingia kijito cha Mwambashi na kutoka hapo mto Kafue. Samaki walielea, mashamba ya kando yakaungua, na Kitwe nzima ikakatiwa maji ya bomba. Njia yetu ya malori inapita Kitwe, najua watu wa pale.

Kwenu asidi si ya namna hiyo. Shaba na kobalti ya Katanga huyeyushwa kwa asidi palepale mgodini. Safari ya kwenda nilikuwa napandisha salfa ya njano kutoka Dar, ndiyo inayochomwa kuwa asidi hiyo. Kinywe husagwa, kikaoshwa kwenye matangi, kikaelea na povu, kikakaushwa, kikafungwa. Asidi kali hutumika baadaye kukisafisha hadi kifae kwa betri, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa inafanyika China. Hofu yenu iwe kwenye vumbi jeusi, maji yatakayovutwa, na bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya mgodi. Hilo la mwisho msilidharau kwa kuwa "si asidi". Mwadui, Shinyanga, bwawa la mgodi wa almasi lilipasuka Novemba 2022 na tope likafunika mashamba na nyumba za watu. Ulizeni bwawa litakaa upande gani wa kijiji, na mvua za masika zikija maji yake yataelekea wapi. Waoneshwe mabondeni kwa miguu, si kwenye ramani. Mzee wa kijiji anajua maji hupita wapi kuliko ramani.

Fomu: msisaini karatasi msiyoachiwa nakala. Kwa kanuni zetu za 2001 fidia si thamani ya nyumba na mimea peke yake. Kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya miezi 36, na hasara ya faida kwa mwenye biashara, na ardhi yenyewe ina bei, hata kama haijajengwa. Piga picha kila mgomba na kila mwembe, picha iwe na tarehe, uwe umesimama pembeni. Kama nyumba ina chumba ambacho hakijaezekwa, kipigie picha nacho. Halafu andikeni swali moja la pamoja kwa barua, lipokelewe kwa muhuri: malipo ni lini, na mkichelewesha riba itahesabiwaje?

Utasikia pia kwamba serikali ina hisa. Ni kweli, si chini ya asilimia 16 kwenye kila mgodi mkubwa, bila kuchangia mtaji. Hisa hizo ni za taifa. Hazikujengei choo mahali mnapohamishiwa, kwa hiyo mtu akikutajia 16 unapouliza habari ya fidia, mrudishe kwenye fidia.

*Salaam aleikum mzee. Nina biashara ya skrepa hapa Changamwe. Betri za pikipiki za stima zimeanza kuletwa, zimekufa. Ndani naambiwa kuna shaba na aluminiamu. Nizipasue?*
*Mwenye yadi, Mombasa*

Waaleikum salaam. Usipasue, ndugu yangu. Seli ya lithiamu iliyokufa kwa pikipiki bado ina umeme wa kutosha kuteketeza yadi yako. Ikitobolewa inapandisha joto yenyewe, na ule moshi wake una gesi inayounguza mapafu. Ziweke kivulini, mbali na mbao na mafuta, vichwa vimefungwa kwa selotepu, zisipangwe juu kwa juu.

Halafu usikimbilie kusema zimekufa. Kwangu Buguruni betri nyingi zinazoletwa zimekufa seli mbili tatu tu. Napima moja moja, natoa mbovu, nzuri nazifunga upya kwa ajili ya sola: taa, feni, televisheni. Hiyo ina faida kuliko shaba yake. Zisizofaa kabisa mrudishie kampuni iliyoziingiza nchini. Sheria yenu ya taka ya 2022 inamwekea mzalishaji na muagizaji wajibu wa kile alicholeta, kwa hiyo wadai wazichukue, usione haya.

Nawe uko karibu kabisa na Owino Uhuru, sihitaji kukuhadithia sana. Pale Mikindani palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani za risasi, ile metali nzito yenye sumu, kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Watoto walipatikana na risasi kwenye damu, wanawake walipoteza mimba. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa pale, mwanawe mwenyewe akiwa ameathirika, ndiye aliyelivalia njuga. Julai 2020 mahakama ya mazingira iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na milioni 700 za kusafisha udongo endapo usafishaji hautafanywa. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka kumi tangu kiwanda kufungwa. Watu wakizungumzia madhara ya betri huangalia shimo la Congo tu, wakati sumu yetu ya Pwani ilitoka mwisho wa safari, kwenye kuyeyusha. Bajaji nyingi za umeme za bei nafuu zingali zinatumia betri hizohizo za risasi. Akija mtu kukuomba umuuzie betri hizo ili maji yake ayamwage mtaroni, abaki na risasi, mfukuze.

*Kumbe bora tubaki na petroli yetu?*
*Mdau, Arusha*

Hapana. Delta ya Niger, kule Nigeria, wamelia mafuta kwa miongo mingi kabla hatujajua kuna mji unaitwa Kolwezi. Lita ikishaungua imekwisha, kesho unachimba nyingine. Kobalti, nikeli na shaba vikishachimbwa vinabaki ndani ya betri hata ikifa, na vinaweza kutolewa tena. Na umeme wetu siku hizi kwa sehemu kubwa ni maji na gesi, Bwawa la Nyerere peke yake ni megawati 2,115. Pikipiki ya umeme naiunga mkono, bajaji naiunga mkono, basi la umeme ndiyo kabisa. Ila ukinionesha lile gari la umeme la tani mbili na nusu, betri yake ina uzito wa ng'ombe, linambeba mtu mmoja kutoka Njiro hadi ofisini Clock Tower, mimi nitakuambia upande daladala.